Kila Kinda wa India Anakuja na Baba Yake

Naomba mnieleze. Mtoto wa miaka 14, ambaye asubuhi kazunguka nyumba nzima akitafuta soksi aliyokuwa kaivaa, ana haki gani ya kuniuliza kama shamba la Mkuranga lina hati?

Kaniuliza mezani, nikiwa na tonge mkononi, tena kwa adabu zote, siwezi kumsingizia. "Baba, hivi lile shamba lina hati, au ni ile karatasi ya kijiji tu?" Tonge likasimama njiani. Mwanao akianza kutaja hati na wewe bado unapumua, jipapase kwanza.

Kumbe ni kriketi.

Kriketi kwangu imeingia kwa mlango wa kazi. Nauza spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na tajiri wangu kaweka televisheni juu ya kaunta ambayo haijui chaneli nyingine. India wakicheza kwao zile mechi za siku tano, kwa saa zetu inaanza saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Ukikaa chini ya kitu kile, utakuwa shabiki au utakuwa kichaa, na mimi nina familia. Tajiri mwenyewe kazaliwa hapahapa, baba yake kazaliwa Tanga, India kaenda kutibiwa goti, basi. Lakini India ikipoteza, usimsogelee. Tarehe 19 Novemba 2023, fainali ya Kombe la Dunia, India wameshinda mechi kumi mfululizo, wako kwao Ahmedabad, watu zaidi ya elfu 90 wametinga bluu. Akaja Travis Head wa Australia akapiga mikimbio 137 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi), uwanja ukawa matangani. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu yake ndiyo nilikuwa nimepanga kuomba advansi. Mwenye nyumba wangu mpaka leo hajui kwamba kodi ile ilichelewa kwa sababu ya Travis Head.

Sasa tuje kwenye hao makinda. Zamani ulikariri Sachin, Dravid, Ganguly, ukaendelea na maisha yako. Mwaka 2025, mwezi Mei, Rohit Sharma na Virat Kohli wakaaga mechi za siku tano, wote wawili mwezi uleule, mlango ukabaki wazi, na sasa kila ukigeuka kuna jina jipya. Ukishamzoea, kapumzishwa. Abhishek Sharma kaanza timu ya taifa Harare, Julai 2024: Jumamosi katoka na sifuri, na India nzima ikalala mbele ya Zimbabwe. Jumapili, uwanja uleule, kapiga mikimbio mia kwa mipira 46. Mimi nikivurunda Jumamosi, Jumapili huwa naumwa.

Majina ningeyavumilia. Kinachonimaliza ni baba zao.

Maana siku hizi hakuna kinda wa India anayechomoza peke yake. Mohammed Siraj wa Hyderabad: baba alikuwa dereva wa bajaji. Rinku Singh wa Aligarh, aliyepiga sita, yaani mpira unaoruka nje ya uwanja kwa mikimbio sita, mara tano kwenye mipira mitano ya mwisho mwaka 2023: baba alisambaza mitungi ya gesi. Tilak Varma: baba fundi umeme, na mtoto wa fundi umeme ndiye aliyewazimia taa Pakistan kwenye fainali ya Kombe la Asia, Dubai, Septemba 2025. (Kombe lenyewe hawakulipokea siku ile, wakashangilia wamebeba hewa. Mimi hewa naibeba kila mwisho wa mwezi, hakuna anayenipiga picha.) Halafu Nitish Kumar Reddy, ambaye baba yake aliacha kazi kwa ajili yake. Desemba 2024, Melbourne, kijana kafikisha mia, na kamera badala ya kukaa na mpigaji ikaenda jukwaani kumtafuta mzee, analia, anaomba, anashikwa na watu. Mke wangu alikuwa pembeni anakuna nazi. Unadhani alikuwa anamwangalia yule mzee? Alikuwa ananiangalia mimi. Hakusema neno. Aliendelea kukuna, polepole.

Nikajaribu kumtangaza Yashasvi Jaiswal. Huyo ndiye mtoto! Katoka kwao mdogo, kalala kwenye hema la watunza uwanja pale Azad Maidan, Mumbai, jioni anauza panipuri, vitafunio vya mtaani, hakumwomba mtu shamba, na mwaka 2023 mechi yake ya kwanza ya siku tano kaondoka na 171. Nilimweleza Idrisa, huyu mwanangu, habari za Jaiswal kwa kirefu, kwa sauti ya kuvutia. Hakuvutika. Idrisa kampenda Vaibhav Suryavanshi wa Samastipur, Bihar, kwa sababu wana umri mmoja, na kwa sababu baba yake Vaibhav aliuza shamba ili mwanawe acheze kriketi.

Ndipo kikaitishwa kikao.

Mimi sikukiitisha. Nimerudi Jumapili natoka kumsaka seremala, nakuta viti vimepangwa. Mama Idrisa yupo. Kaka yake yupo, shemeji yangu, ambaye kazi yake ni udalali wa viwanja. Nikauliza, kwa heshima, dalali anahusikaje na mazungumzo ya michezo. Nikajibiwa kaja kusalimia tu. Kaja kusalimia na futi ya mita hamsini kiunoni. Na kwenye mkeka, kwenye kona, mama mkwe, aliyeletwa kutoka Kisarawe kutibiwa macho. Wenye wakwe mnanielewa: mbele ya mama mkwe mwanamume huna macho wala sauti, unaongea na dari.

Idrisa kasimama katikati, simu ya mama yake mkononi, bando langu ndani ya simu. Akakohoa. Akaanza kusoma.

"Mwezi Novemba 2024, Vaibhav akiwa na miaka 13, alinunuliwa na Rajasthan Royals kwa rupia milioni 11, kwenye mnada uliofanyika Jeddah."

Tasbihi ya mama mkwe ikasimama. "Kafanywaje?"

"Kanunuliwa, bibi."

"Mtoto?"

"Ndiyo, bibi. Mnadani."

"Jeddah?" Akanigeukia. Mama huyu hajanigeukia tangu siku ya mahari. "Baba Idrisa, kauzwa mtoto mnadani Jeddah na wewe umekaa unasikiliza?"

Nikaieleza dari kwamba, mama, hiyo ni ligi ya kriketi ya India tu, na Rajasthan Royals ni timu, wachezaji wa kule husajiliwa kwa mnada, mtoto yuko salama, anakula vizuri. Dari ilinielewa. Mama mkwe hakunielewa. Shemeji akauliza swali moja tu: dalali wa mnada ule alichukua asilimia ngapi?

Idrisa akaendelea. Aprili 2025, mechi ya kwanza ya Vaibhav kwenye ligi ile, mpira wa kwanza kabisa kurushiwa, na mrushaji ni Shardul Thakur, mtu wa timu ya taifa. Akaupeleka nje ya uwanja. Sita. Kafika 34 akatolewa, akaondoka anafuta machozi. "Kumbe alilia?" nikasema, nikidhani nimepata upenyo. "Baba, alilia kwa sababu ya uchungu wa mchezo." Na yule aliyelia asubuhi kwa sababu ya soksi alilia kwa uchungu wa nini? Sikuuliza. Dari ilikuwa inanitazama.

"Siku chache baadaye, tarehe 28 Aprili, Jaipur, dhidi ya Gujarat Titans, kapiga mia kwa mipira 35. Na kocha wao, Rahul Dravid, alikuwa na mguu mbovu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, akainuka."

"Akainuka?" akauliza mama mkwe.

"Akasimama, bibi. Mikono juu. Hii hapa video."

Mama wa watu, na macho yake yenye dawa, akaisogeza simu mpaka puani. Akatazama. Akarudisha nyuma, akatazama tena. "Subhanallah," akasema. Na hapo mimi nikawa nimekwisha. Kwa mama mkwe ile haikuwa kriketi tena. Pale Jaipur kuna mtoto kainua mgonjwa, na baba mwenye roho ngumu anataka kuizuia karama isimfikie mjukuu wake.

Aliyejaribu kuniokoa, bila kukusudia, ni shemeji. "Miaka 14 ya wapi?" akasema. "Ya cheti au ya mifupa?" Anasema hivyo mtu ambaye ligi ya mtaa ya vijana chini ya miaka 20 aliicheza yeye mwenyewe, mwanawe akiwa tayari darasa la tatu. Na mimi nikashindwa kujizuia, ushabiki ukanipanda, nikamjibu kwamba baba yake kijana kasema hadharani: mtoto kapimwa umri kwa mifupa na bodi ya kriketi ya kwao akiwa hajatimiza hata miaka tisa. Idrisa akatabasamu. Nimemtetea shahidi wa upande wa pili.

"Na baba yake," akamalizia, simu chini, macho kwangu, "aliuza shamba."

Kimya. Hata feni ilikuwa kimya, ila ile ni kawaida yake.

Sasa lile shamba. Ndugu zangu, Mkuranga kule nina mikorosho. Upande mmoja shangazi anasema marehemu babu alimpa yeye, ana mashahidi, mashahidi wote marehemu. Upande wa pili jirani anausogeza mpaka kila masika, na kila nikimuuliza ananipa nazi mbili niondoke nazo. Barabara haifiki. Nikayaeleza yote haya, kwa utulivu wa mtu mzima. Shemeji akasema linauzika, mteja anaye. Anaye tangu lini? Nikauliza, kwa utulivu uleule, lakini wakasema napiga kelele.

Idrisa akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata hapa kwetu timu ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, lile la Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Hilo ni kweli, na mimi siku ile walipofuzu nilimkumbatia tajiri dukani mpaka wateja wakaona haya. Sasa ukweli huohuo unanigeukia sebuleni kwangu.

Nikatoa karata ya mwisho. Nikasema sawa, tusome yote. Maana Vaibhav ana mama pia. Mama yake alikuwa anaamka usiku wa manane kumpikia, ili alfajiri safari ya Patna mazoezini iianze, karibu kilomita mia kwenda tu. Nikamgeukia Mama Idrisa, nikamuuliza kwa upole, mke wangu, uanze kesho au Jumatatu?

Mama Idrisa akafikiri. "Kwani njia nzima hiyo hakuna chipsi?"

Kikao kikaahirishwa. Shemeji kaondoka na nauli yangu.

Na mpaka hapo sijasema nilikuwa namsakia nini seremala. Gongo la kriketi analochezea Idrisa ni chaga ya kitanda changu. Kaichonga mpini kwa kisu cha jikoni, kaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, na juu kaandika MRF kwa wino wa bluu, kwa sababu kaona herufi hizo kwenye gongo la Kohli. Hizo ni alama za kampuni ya matairi! Mtoto wangu anatangaza matairi bure kwa ubao ninaolalia. Nikigeuka kushoto usiku, naingia chini hadi bega. Seremala anasema kesho. Mpira ni wa tenisi, kauviringisha tepu ya umeme, na sita yake ya kwanza ilitua kwenye karai la jirani yetu wa vitumbua. Nimelipia karai zima, tumekula vitumbua vya tepu siku mbili.

Dada yake naye, mdogo yule, kasikia kwamba Shafali Verma wa Rohtak alikatwa nywele akiwa mtoto ili acheze na wavulana. Novemba 2025 Shafali huyo kaitwa kuziba nafasi ya majeruhi, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kapiga 87, India wakabeba. Mkasi nimeuficha dukani.

Leo nikampelekea tajiri suala hili, mzazi kwa mzazi. Nikasema tajiri, wewe ungeuza? Akashusha miwani. Akasema mwanawe wa pekee yuko Kanada, mhasibu, na hatazami kriketi, anatazama ule mchezo wa magongo kwenye barafu. Akanyamaza muda. Nikamwonea huruma, nikataka hata kumwazima Idrisa. Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wanatoka nje kwa mapumziko ya chai. Wanaume wazima, kazini, mchana, wanasimamisha kila kitu wanakwenda kunywa chai, na ipo kwenye sheria za mchezo! Mimi hapa chai nainywea nyuma ya mafuta ya breki, nimesimama, imepoa, na chapati ya mia tano siku hizi ukiinua juu unaona mtaa wa pili. Nikasema tajiri, unaona wenzetu? Akaona. Akavaa miwani yake, akafungua daftari, akaniambia nikahesabu plagi za kwenye boksi la juu, maana tangu wiki iliyopita hesabu yake haikai, kama mbili hivi hazionekani. Sasa plagi mimi nazipeleka wapi? Gari sina. Pikipiki sina. Hata hiyo baiskeli, tyubu iko kwenye mpini wa chaga.