Padri wa Nizon alikataa nini?

Mwaka 1888 Paul Gauguin alichora picha ya Yakobo akipigana mieleka na malaika, akataka kuitoa zawadi kwa kanisa la Nizon, karibu na Pont-Aven huko Bretagne, Ufaransa. Padri akaikataa. Kisa hiki husimuliwa ili tumcheke padri. Mimi naona alikuwa na hoja, ingawa hakuwa na hoja yote.

Itazame picha yenyewe. Mbele wamejaa wanawake wa kijijini wenye kofia nyeupe za kitambaa, wametoka kusikiliza mahubiri. Shina la mtufaha limeikata picha mshazari: huku ng'ombe mdogo, kule Yakobo na malaika, na ardhi yote nyekundu. Gauguin alimwandikia mchoraji mwenzake Vincent van Gogh kwamba mandhari na mieleka hiyo vimo tu katika fikra za hao wanaosali. Wazo hilo lina uzito. Linawapa wakamuaji wa ng'ombe uwezo wa kuona Maandiko palepale wanapochungia.

Ila Gauguin aliwahi kuwa dalali wa hisa huko Paris, na Bretagne aliipendea ushamba wake. Mwenyewe alisema anaona humo ukale na ushenzi. Katika picha tunaona visogo na kofia zaidi kuliko kazi. Mkulima amegeuzwa pambo la imani, na sidhani waumini wa Nizon wangejitambua humo.

Mlinganishe na Jean-François Millet, mtoto wa wakulima wa Normandie. Katika picha yake ya sala ya Malaika wa Bwana, iliyochorwa kati ya 1857 na 1859, hakuna malaika wala Yesu. Kuna uma umechomekwa udongoni, kikapu cha viazi miguuni, toroli lenye magunia, na mnara wa kanisa mbali kwenye upeo. Mwanamume ameshika kofia mikononi. Millet alieleza kwamba bibi yake, kengele ikilia, aliwasimamisha kazi shambani wawaombee marehemu. Anayeijua kazi ya jembe huchora hata namna mgongo unavyochelewa kunyooka.

Je, hiyo inatosha kumpa Millet ushindi? Sina hakika. Mwaka 1889 picha hiyo iliuzwa mnadani Paris kwa faranga 553,000, na sala ya wachimba viazi ikawa mali ya matajiri kugombania. Unyenyekevu wa maskini ni kitu kitamu sana kwa asiyeuishi.

Mwaka huohuo Gauguin alichora Kristo wa manjano, na hapa nalegeza msimamo. Kielelezo chake kilikuwa msalaba wa mbao katika kanisa dogo la Trémalo, karibu na Pont-Aven, uliochongwa na fundi asiyejulikana jina. Mwili wa Yesu una rangi ileile ya mashamba yaliyo nyuma yake, kana kwamba ameota hapo pamoja na mazao. Wanawake watatu wamepiga magoti. Kwa mbali mwanamume anaruka ukuta wa mawe, anakwenda zake. Huyo anayeondoka ndiye anayenishawishi zaidi. Kijiji kina wanaosali na wenye haraka zao, na safari hii mgeni aliwaona wote.

Leo picha ya Yakobo iko Edinburgh, na Kristo wa manjano yuko Buffalo, Marekani. Msalaba wa Trémalo bado umetundikwa kanisani kwake.