Kubana dizeli kwenye lori kubwa: ustadi upi tuulinde, upi tuukomeshe

Wapo wamiliki wa malori kwenye njia ya Tabora na Kigoma wanaompa dereva lita za safari badala ya fedha za mafuta. Zikibaki kwenye tangi akifika, ni zake. Zikipungua, atajua mwenyewe. Utaratibu huu umelea madereva hodari wa kubana dizeli, na umelea pia tabia moja inayoua watu: kutoa gia kwenye mteremko na kuliacha lori liserereke kwenye nyutro. Mjadala ukianza kijiweni hugawanyika pande mbili mara moja. Wengine wanasema kubana mafuta ni kuhatarisha maisha, wengine wanasema dereva asiyejua kubana hajui kazi. Naona pande zote mbili zinachanganya mambo yasiyofanana.

Kwanza tuitazame haja yenyewe, maana si uchoyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo dizeli ikifika huko imeshabeba gharama ya safari yake yenyewe. Gharama hiyo inaingia kwenye saruji, kwenye chumvi ya Uvinza, kwenye tumbaku inayotoka Urambo na Kaliua, na kwenye unga unaouzwa Ujiji. Dereva anayeokoa lita 20 kwa safari bila kumdhuru mtu anafanya jambo la maana, na anastahili kulipwa kwa hilo.

Sehemu kubwa ya ustadi huo haina hatari yoyote. Kutoka Tabora kwenda Urambo na Kaliua ardhi ni tambarare, barabara imenyooka, na hapo mafuta yanaokolewa kwa jambo moja tu: mwendo usiobadilikabadilika. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 70, upinzani huo unapungua kwa karibu robo. Haina maana kwamba dizeli nayo itapungua kwa robo, kwa sababu matairi yaliyobeba tani nyingi nayo yana mzigo wake, lakini tofauti utaiona kwenye tangi. Mshale wa mizunguko ya injini ukikaa kati ya 1,000 na 1,500 kwa dakika, injini nyingi kubwa za dizeli zinafanya kazi pale zilipobuniwa kufanya kazi. Upepo wa matairi ukiwa sawasawa, lori linavutika kwa wepesi na tairi halichemki hadi kupasuka. Foleni ya mizani nayo isisahaulike: injini kubwa ikiachwa inaunguruma bila kazi inakula lita mbili hadi tatu kwa saa, na kinachotakiwa ni kuiacha ipoe dakika chache kwa ajili ya turbo kisha kuizima. Katika mambo haya usalama na akiba vinakwenda pamoja, na anayeyapuuza anamwaga fedha.

Hata hapo kuna pingamizi ninaloliheshimu. Lori linalokwenda polepole kwenye barabara ya njia mbili hukusanya magari nyuma yake, na basi lenye ratiba litatafuta nafasi ya kupita hata mahali pasipo na nafasi. Aliyekuwa akibana dizeli yupo salama, na anayehatarishwa ni abiria wa basi pamoja na mwenye baiskeli anayekuja upande wa pili na magunia ya mkaa. Pingamizi hili ni la kweli, ila linajibika. Kilomita 70 ni mwendo wa kawaida kwa gari kubwa, kwa kuwa kikomo chake ni 80. Tatizo huja dereva anapong'ang'ania gia kubwa mlimani ili mshale usipande, lori likabaki linajikokota kwa kilomita 20. Hapo anaitesa injini, anawakera wa nyuma, na dizeli yenyewe haokoi. Mlimani gia ishushwe mapema, na panapokuwa na nafasi pembeni awapishe wenzake. Dakika moja ya kupisha haimalizi tangi la mtu.

Sasa nyutro. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770. Njia haishuki moja kwa moja, inapanda na kushuka, na upande wa Kasulu, na zaidi kwenye vilima vya Buhigwe kuelekea Manyovu, miteremko ina kona na watu wengi wanaotembea kwa miguu. Hoja ya dereva ni kwamba lori linakwenda lenyewe kwa uzito wake, injini inanguruma taratibu, kwa nini alipie mafuta? Anayeitoa si mjinga. Watengenezaji wenyewe, Volvo na Scania wakiwamo, wameweka kwenye malori yao yenye gia za kujibadilisha mfumo unaotoa gia kwenye mteremko mdogo, pale ambapo injini ingelipunguzia lori mwendo bila sababu. Kwa hiyo kuna mahali ambapo kuserereka bila gia kunaokoa mafuta kweli.

Lakini tazama masharti ya mfumo huo. Kompyuta ndiyo inayopima mteremko na mwendo kila nukta. Dereva akigusa breki, gia inarudi. Mwendo ukizidi kiwango kilichowekwa, gia inarudi. Dereva wa gia za mkono hana msaada huo. Akiwa na tani 40, lori likafika kilomita 90 kwa saa kwenye nyutro, gia ya chini anayoihitaji haiingii tena, na hata ikilazimishwa kuingia inaweza kuipasua injini. Amebakiwa na breki za miguu peke yake kwenye mteremko ambao hajauona mwisho wake.

Hesabu ya mafuta nayo inamkataa. Lori likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya akseleta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ikaribie ile ya kuunguruma. Ulaji ni sifuri. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha, lazima inyunyiziwe dizeli ili isizime. Kwenye mteremko mkali wa dakika tano, aliye kwenye nyutro anachoma kama robo lita ambayo mwenzake aliyebaki kwenye gia hachomi. Huyu anahatarisha maisha na bado analipa zaidi. Hili ndilo ninalotamani lisemwe kwenye kila maegesho ya malori kuanzia Nzega hadi Kigoma, kwa sababu wengi wanaoserereka wanaamini kabisa wanaokoa.

Kuna hesabu nyingine iliyo kubwa zaidi. Lori la tani 40 likishuka mita 100 za wima linaachia nishati inayozidi kidogo iliyomo kwenye lita nzima ya dizeli. Nishati hiyo haipotei. Hewa na matairi hula sehemu, na inayobaki humezwa na injini, na breki ya ekzosi inayobana moshi wa injini, au ritada kama ipo, yaani kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Usipovitumia hivyo, yote inaingia kwenye breki kama moto. Dramu, ile ngoma ya gurudumu inayosuguliwa na breki kwa ndani, ikichemka inapanuka na kuachana na breki, msuguano unashuka, na mguu unakanyaga mpaka chini bila jibu. Kesho yake tunasikia kwamba breki zilifeli. Mara nyingine zilifeli kwa ubovu wa fundi, lakini mara nyingine zilikuwa nzima kabisa pale juu mlimani.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaozima injini kabisa. Kwa hili sioni upande wa pili wa kuupima. Kompresa inayojaza upepo wa breki inaendeshwa na injini, kwa hiyo kila ukikanyaga breki upepo unapungua na haurudi. Usukani unakuwa mzito. Upepo ukishuka sana, breki za springi, ambazo upepo huo ndio unaoziachia, zinajifunga zenyewe na magurudumu ya nyuma yanakwama, pengine katikati ya kona.

Kuchukua kasi bondeni ili upandie mlima unaofuata ni jambo tofauti, na ndilo lililonisumbua zaidi kulitolea uamuzi. Mafuta linaokoa, bila ubishi. Lori linalofika chini ya mlima likiwa na mwendo halihitaji kukanyagwa sana. Ila kwenye njia hizi bonde mara nyingi lina mto, mto una daraja, na karibu na daraja kuna kijiji, watoto wa shule na ng'ombe wanaopelekwa majini. Msimamo wangu ni kwamba lifanyike mchana tu, lori likiwa kwenye gia, na pale dereva anapoona bonde lote hadi kilima cha pili. Vumbi likitanda au mvua ikinyesha, lita hizo aziache. Kumfuata wa mbele kwa karibu ili akukingie upepo sitalijadili kwa urefu: lori lenye mzigo halisimami kwa umbali huo.

Lawama yote ikimwangukia dereva, hata hivyo, tutakuwa tumeishia nusu. Lita za safari zikipangwa sawa kwa lori lililojaa na lililo tupu, kwa kiangazi na kwa masika, dereva anayekwama kwenye tope njiani atatafuta mahali pa kufidia, na mahali penyewe ni mteremkoni. Watetezi wa utaratibu huu wana hoja nzuri kwamba unampa mtu uhuru na kumlipa kwa ujuzi wake, na unapunguza wizi wa mafuta. Nakubali, usifutwe. Ubadilishwe kipimo. Tangi lijazwe hadi juu wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, uzito wa mzigo na hali ya njia viandikwe pembeni ya lita, na akiba igawanywe kwa kiwango kinachojulikana kabla ya safari. Kwenye daftari hilohilo iandikwe tarehe ambayo breki za kila lori zilibadilishwa. Dereva anayerudi na lita nyingi huku breki zake zikiisha haraka kuliko za wenzake wa njia hiyohiyo aitwe, aulizwe anashukaje, na utingo wake aulizwe pia, kwa sababu ndiye atakayelishika lori hilo miaka michache ijayo na ndivyo alivyofundishwa.