Si kiinimacho, lakini chunga

Juzi barazani, Ngamiani hapa Tanga, kijana mmoja alituonesha kwenye simu video ya Mzungu akiwalaza watu ukumbini kwa kuwahesabia. Muuza kahawa akacheka: "Mazingaombwe hayo." Mwingine akasema huyo ana jini lake. Ubongo haukutajwa hata mara moja, nami nikanyamaza kwa kuwa kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.

Basi nayasema hapa. Kile cha kwenye video huitwa hipnosi, nacho si usingizi. Mtazame mvuvi mwenye mshipi mkononi: unamwita mara tatu, hasikii, akili yote imeshuka na ndoana. Ndiyo hali yenyewe, ila hapa tabibu ndiye anayekuongoza uzame. Unamsikia, unamjibu, na usilolitaka unalikataa. Hata James Braid, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyelieneza jina hilo miaka ya 1840 kutokana na neno la Kigiriki la usingizi, baadaye aliliona linapotosha akatafuta jingine. Alikuwa amechelewa.

Utafiti unaonivutia ni wa Montreal, Kanada, uliochapishwa mwaka 1997. Watu walitiwa mikono kwenye maji ya moto ya kuumiza, wakiwa kwenye hipnosi, wakaambiwa karaha ya maumivu inapungua, au inazidi. Picha za ubongo zilionesha sehemu inayopokea hisi za mwili ikifanya kazi vilevile. Iliyobadilika ni sehemu ya ndani zaidi, inayohusika na ile karaha. Yaani moto ni uleule, kero ndiyo inayopanda na kushuka! Aliyewahi kukalia kiti cha kung'olea jino anajua nusu ya mateso ni kusubiri koleo.

Hata tumbo linasikia maneno. Manchester, Uingereza, mwaka 1984, wagonjwa wa tumbo la kusokota, lile ambalo vipimo havioni kidonda wala mdudu, walipata nafuu kubwa kwa tiba hii. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na mtu wa Tanga aliyewahi kuharisha asubuhi ya mtihani hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wasiwasi na hofu naikubali, ikiwa mikononi mwa daktari au mwanasaikolojia aliyesomea. Anayesikia sauti zisizokuwepo huyo apelekwe hospitali, asichezewe.

Kinachonitisha ni kumbukumbu. Wapo wanaodai watakulaza wakufukulie yaliyosahaulika. Kumbukumbu si muhogo. Hipnosi humfanya mtu awe na uhakika zaidi, hata wa jambo ambalo halikutokea, ndiyo maana mahakama nyingi za Marekani ziliwekea mipaka ushahidi wa namna hiyo. Sasa ulete ufundi huo kwetu, ambako swali la kwanza la mgonjwa ni "nani kanifanyia?"

Shangazi yangu aliumwa mguu, akaenda kupigiwa ramli. Akaambiwa adui ni mwanamke mweupe, wa mlango wa pili. Hakulazwa, hakuhesabiwa, alikuwa macho makavu. Wiki haikwisha akaanza kukumbuka: siku ile alivyoniangalia, bakuli lile la futari alilonirudishia bila kuliosha. Kila siku alikumbuka jipya. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi wakiazimana chumvi.

Jirani yule alipofariki, shangazi alifunga dirisha la upande ule. Msibani hakwenda.