Nusu kilo ya asali na maelezo ya round

Anayeandika programu ya mizani kwa chama cha ushirika cha wafuga nyuki mkoani Tabora atashangaa siku moja kuona fanksheni ya round, inayokadiria namba katika lugha ya programu ya Python 3, ikipewa 2.5 inarudisha 2, ilhali 3.5 inakuwa 4. Shuleni tulifundishwa kwamba tarakimu ikiwa 5 au zaidi tunaongeza 1. Wapo wanaotaka fanksheni ibadilishwe ifuate kanuni hiyo, na hoja yao ina uzito: mrina asali wa Sikonge anasoma stakabadhi, hasomi maelezo ya maktaba ya programu.

Hata hivyo, wanaosema kinachohitaji kurekebishwa ni maelezo ya fanksheni hiyo, si fanksheni yenyewe, wanahukumiwa haraka mno kuwa wanakwepa kazi. Kupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kama Python inavyofanya, kuna sababu. Chukua mizigo ya kilo 0.5, 1.5, 2.5 na 3.5, ambayo jumla yake halisi ni 8. Kwa kanuni ya shuleni tunapata 1, 2, 3 na 4, yaani kilo 10. Kwa kanuni ya shufwa tunapata 0, 2, 2 na 4, na jumla inabaki 8. Kwa kanuni ya shuleni, kilo mbili ambazo hazimo ghalani zingeingia kwenye daftari.

Linalonisumbua zaidi ni 2.675 inapokadiriwa hadi desimali mbili. Kanuni ya shuleni inatoa 2.68, na ya shufwa pia inatoa 2.68, kwa kuwa 8 ni shufwa. Lakini Python inajibu 2.67. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kompyuta huhifadhi namba hiyo kwa mfumo wa jozi, wa tarakimu 0 na 1 tu, ambao hauwezi kuiandika kamili, hivyo kilichomo ni 2.67499999 na ushei, chini kidogo ya nusu. Kubadilisha kanuni kusingeponya hili hata kidogo. Maelezo ndiyo yanayoweza kumwonya mwandishi wa programu mapema.

Maelezo rasmi yanautaja mfano huo, ila kama tanbihi, huku sentensi ya kwanza ikiishia kwenye idadi ya desimali. Onyo hilo lipande juu, na pamoja nalo msomaji aelekezwe kwenye moduli ya decimal, sehemu ya Python inayoweza kuhifadhi desimali kama zilivyoandikwa, yenye chaguo la ROUND_HALF_UP kwa anayetaka kanuni ya shuleni, akiambiwa wazi kwamba uzito uingizwe kama maandishi, '2.675', kwa sababu ukishapita kwenye namba ya kawaida ya desimali unakuwa umekwisha kupungua.