Helikopta ya Mirihi: Hewa Hafifu, Mchanga Mtupu

Malindi si mji wa kuambiwa habari za anga za juu kwa mbali. Kule Ngomeni, kwenye jukwaa la baharini la San Marco, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo vijana wa hapa wanapobishana barazani kama kuna haja ya kurusha helikopta Mirihi ilhali kigari cha magurudumu kinafanya kazi, nawasikiliza kwa makini.

Wanaopinga wana hoja nzito. Helikopta hupaa kwa kusukuma hewa chini, na hewa ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kaboni dioksidi, haifiki hata asilimia 2 ya uzito wa hewa tunayovuta huku pwani. Ingenuity, helikopta ndogo iliyopelekwa huko na NASA, ilikuwa na kilo 1.8 tu, lakini ilihitaji mapanga ya mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, yakizunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Kuongeza kasi nako kuna mpaka, maana sauti kule husafiri takriban mita 240 kwa sekunde, polepole kuliko hapa duniani, na ncha ya panga ikiikaribia kasi hiyo mambo huharibika. Mota nazo hupata moto upesi kwa kuwa hewa ya kuzipoza ni haba. Safari ndefu kuliko zote haikufika dakika 3. Usiku, sehemu kubwa ya umeme wa betri iliishia kukinga vifaa na baridi. Ndiyo maana ilibeba kamera bila chombo hata kimoja cha utafiti.

Hata hivyo, matokeo yaliyopatikana hayawezi kupuuzwa. Mvutano wa Mirihi, ambao ni asilimia 38 ya ule wa dunia, ulisaidia. Ingenuity ilipangiwa safari 5. Kuanzia tarehe 19 Aprili 2021 ikaruka mara 72. Katika safari moja ilikwenda mita 704 kwa muda usiozidi dakika 3, umbali ambao Perseverance, kigari cha NASA kilichoko huko, kingeumaliza kwa saa kadhaa, kikikwepa mawe.

Lakini tunapobishana juu ya hewa, tunasahau kilichoimaliza. Tarehe 18 Januari 2024 Ingenuity ilikuwa juu ya mchanga usio na mawe wala alama. Ilijiongoza kwa kamera iliyotazama chini na kufuatilia vitu vya ardhini ili ijue inakwenda upande gani na kwa kasi gani. Anayepajua Mambrui atanielewa: jua likiwa utosini, vilima vya mchanga hupoteza vivuli, na jicho halina pa kushika. Ikakosea hesabu, ikagonga chini ikiwa bado inakwenda kwa kasi, mapanga yakavunjika. Hakukuwa na rubani wa kuiokoa, kwani mawimbi ya redio huchukua dakika kadhaa kufika, wakati mwingine zaidi ya 20.

Kwa hiyo nasimama upande wa kuruka, kwa sharti. Helikopta itumwe kama mpelelezi anayetangulia kigari, na fedha zielekezwe kwanza kwenye macho na akili yake kabla ya kukuza mwili. Wahandisi tayari wamechora chombo cha Mirihi chenye rafadha 6, kinachokusudiwa kubeba kilo kadhaa za vifaa vya utafiti. Kwangu, chombo hicho kisipoweza kutua salama juu ya mchanga mtupu, mzigo wake wote ni bure.

Wengine watasema twende Titan, mwezi wa Zohali, ambako hewa ni nzito mara 4 kuliko yetu na mvutano ni mdogo. Dragonfly, chombo cha NASA cha kuruka kwa rafadha, kimepangwa kuondoka mwaka 2028 kuelekea huko. Ni kweli, kupaa kutakuwa rahisi. Ila Titan nayo ina matuta ya mchanga, na iko mbali zaidi ya saa nzima kwa redio.