Crown au Benzi: hesabu ya gari la kifahari likishafikisha miaka kumi

Kwa fedha anayotenga Mtanzania kununua Toyota Crown Athlete iliyotumika Japani, mara nyingi anaweza kupata pia Mercedes-Benz C-Class au BMW 320i ya umri uleule. Ndiyo maana ubishi hauishi. Wengine wanasema Mjerumani atakufilisi. Wengine wanawajibu kwamba Crown ni teksi iliyovalishwa suti, na kweli Toyota ilitengeneza teksi iliyoitwa Crown Comfort kwa zaidi ya miaka 20. Kila upande una ukweli wake. Kasoro ni kwamba wote wanabishania nembo, wakati kinachoharibika ni injini fulani, ya miaka fulani, iliyo mikononi mwa fundi fulani.

Kabla ya injini, tuitazame bei. E-Class ya Mercedes ilipokuwa mpya ilikuwa ghali kuliko Crown nyingi, lakini ikifika miaka kumi unaikuta mnadani Japani ikikaribiana nayo. Kwa nini? Sheria ya Japani inataka gari dogo jipya likaguliwe likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka, ndivyo vitu vya kubadilisha ili lipite vinavyoongezeka, na spea za gari la kigeni ni ghali hata hukohuko. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona heri aliuze kabla ukaguzi haujafika. Bei ndogo tunayoifurahia haimaanishi kwamba gari ni bovu. Soko limeshayahesabu matengenezo yanayokuja, likayatoa kwenye bei. Anayelinunua anarithi kazi ambayo mwenzake wa Nagoya ameikimbia.

Kodi za huku nazo zinampendelea Mjerumani kidogo. Kwa viwango vya Mamlaka ya Mapato (TRA) vya miaka ya karibuni, gari la cc 1,000 hadi 2,000 linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, likizidi cc 2,000 ni asilimia 10. C180, ambayo ni C-Class, na 320i ziko chini ya mstari huo, ilhali Crown iliyozoeleka barabarani ina V6, yaani injini ya silinda sita, ya cc 2,500. Ushuru wa uchakavu, unaotozwa magari ya zamani, unazikuta zote. Mkenya yeye, ambaye haruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, anachagua kati ya magari mapya zaidi, lakini mtego ni uleule.

Sasa tufungue boneti.

BMW 320i ya umbo la F30, hasa za 2012 hadi kuelekea 2015, nyingi zina injini ya N20. Cheni yake ya taimingi, inayozipatanisha valvu na pistoni, inaongozwa na reli za plastiki ambazo kwa joto na miaka hukauka na kumeguka. Vipande vinaanguka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na vinaweza kuziba njia ya oili. Cheni ikiruka, valvu na pistoni zinakutana, na hapo huongelei matengenezo tena, unatafuta injini nyingine. Iliyotangulia, E90 320i yenye N46, haina ugonjwa huo kwa ukali huo, lakini sili za valvu hukakamaa, gari likakaa kwenye foleni kisha likaondoka na moshi wa bluu. Cha ajabu ni kwamba BMW ya afadhali katika kundi hili ndiyo ambayo wengi wanaiogopa kwa sababu ya cc: 325i au 330i yenye N52, silinda sita, bila turbo. Nayo huvuja oili kwenye gasketi, na pampu yake ya maji ya umeme hufa bila kuaga. Hata hivyo hayo ni mambo yanayojulikana, unayabadilisha kabla hayajakufikia na safari inaendelea.

Kwa upande wa Mercedes, C-Class ya umbo la W204 iliyotoka kuanzia 2007 ilipewa, katika matoleo kama C180, injini ya M271, na humo pia cheni na meno yake huchakaa mapema kuliko inavyostahili jina la kampuni. Kuna kero nyingine ndogo lakini ya ajabu: kufuli la stelingi linaloendeshwa na mota ndogo ya umeme. Mota ikifa, unaingiza ufunguo na hakuna kinachotokea. Injini ni nzima, giaboksi ni nzima, gari halitoki hapo lilipo. Ukipanda hadi E-Class au S-Class zenye springi za hewa, unaongeza mipira inayopasuka kwa uzee, na matuta yetu hayaisaidii.

Crown nayo si malaika. V6 ya cc 2,500 iitwayo 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayoosha migongo ya valvu za kuingizia hewa. Kaboni inajijenga, gari linaanza kutetemeka likiwa silensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kumisi, silinda moja moja ikishindwa kuwaka. Injini hiyohiyo kwenye IS 250 ya Lexus, nembo ya kifahari ya Toyota, ilizua malalamiko mengi Marekani. Toyota ilijua dawa, maana V6 kubwa ya cc 3,500, 2GR-FSE, iliwekewa sindano za petroli za aina mbili, zikiwemo zinazopuliza kabla ya valvu. Anayesema Crown haiharibiki hajakaa na mafundi wa Crown.

Lakini tazama namna zinavyoharibika. Crown iliyojaa kaboni inakufikisha nyumbani, tena inaweza kukufikisha nyumbani miezi sita huku ikilalamika. 320i iliyoruka cheni haifiki popote. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote, na ndicho tafiti za wateja zinazonukuliwa kila siku hazikionyeshi vizuri. J.D. Power, kwa mfano, katika utafiti wake wa uimara huuliza wamiliki wa magari ya miaka mitatu huko Marekani wamepata matatizo mangapi kwa kila magari 100. Bluetooth inayokatika inahesabiwa tatizo, na giaboksi iliyokufa inahesabiwa tatizo. Lexus hushika nafasi za juu humo mara kwa mara, na imestahili, lakini orodha hiyo haimwambii chochote mtu wa Mbezi anayenunua gari la miaka kumi na moja.

Uimara, tena, hautoki kiwandani peke yake. Crown na Mark X zimechangia injini, kwa hiyo ukitaka koili au sensa unaipata Kariakoo mchana huohuo, mpya, ya mtumba au feki, na kijana wa pembeni ataifunga ukiwa umesimama. (Wingi huo una gharama yake pia. Soko la taa na vioo vya Crown ni kubwa kiasi kwamba watu huchonga namba za gari juu yake ili vibaka wasivipende.) Benzi na BMW zina mafundi wazuri Dar es Salaam na Nairobi, wenye mashine za kusoma kompyuta ya gari na akili ya kuelewa kilichosomwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Fundi mwenye mashine bila akili atabadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa fedha yako. Na ukiishi Tunduma au Kigoma, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu hata betri mpya ya BMW inatakiwa kusajiliwa kwenye kompyuta ya gari ili ichajiwe inavyopaswa.

Hapa lazima Mjerumani atetewe kidogo. Sehemu ya sifa yake mbaya tumeitengeneza wenyewe. BMW ilizoea kusema oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari, wakati ZF, wanaozitengeneza giaboksi nyingi za BMW, wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Mmiliki wa tano wa gari hilo, aliyeko Sinza, ameshika maneno ya BMW na hajasikia ya ZF. Injini ya turbo inayotaka oili ya daraja fulani inawekewa oili ya dumu lolote. Mercedes za W123, zilizozinduliwa mwaka 1976, zilivumilia uzembe wa namna hiyo na ndizo zilizojenga jina. Wajukuu zake hawavumilii, na si haki kuwapa sifa au lawama za babu.

Na mvuto? Sikubaliani na wanaouita majivuno tu. Ukiwa na 325i nzima kati ya Chalinze na Segera, stelingi inavyokuambia tairi zinafanya nini, breki zinavyoshika, gari linavyotulia kwenye kona, hivyo ni vitu unavyovilipia na unavipata. Wakili au dalali wa viwanja ambaye mteja anamkadiria kabla hajafungua mdomo ana sababu ya kibiashara ya kutaka nyota ile ya Benzi, tuipende tusiipende. Lakini mvuto una masharti ya mahali. Kwenye foleni ya Ubungo, Crown Royal Saloon inakuzidishia utulivu kuliko 320i yenye tairi za ranifleti, zinazoweza kutembea hata zikiishiwa upepo, ngumu kama mbao na zisizo na tairi la akiba kwenye buti. Wengi wanaolipia uendeshaji wa Mjerumani hawafiki barabara ambayo uendeshaji huo unaonekana.

Lexus inaonekana kama suluhu, na kwa sehemu ndivyo ilivyo. Toyota iliileta sokoni Marekani mwaka 1989 na LS 400, ikiwafuata Wajerumani palepale kwenye ngome yao, na Japani kwenyewe jina la Lexus halikutumika hadi 2005. Spea nyingi za injini utazipata kwa Toyota. Taa, bampa na mapambo ya ndani ndiyo yanayouma, na IS 250 inabaki na kaboni ileile ya Crown. Ningeitafuta GS 350 au IS 350, zenye ile V6 ya cc 3,500, kabla ya IS 250, kama mfuko unahimili mafuta na ushuru.

Uamuzi wangu una upande. Kama gari ni moja nyumbani, linapeleka watoto shule na wewe kazini, na fedha uliyonayo inaishia bandarini, chukua Crown. Usidanganywe na tofauti ndogo ya bei. Mjerumani mnunue ukiwa umebakiza si chini ya robo ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, una usafiri mwingine, na umeichagua injini kabla ya kuchagua rangi. Fedha hiyo ikikulazimu ushuke hadi gari lenye umri mkubwa zaidi, shuka. Ni afadhali E90 325i iliyobadilishwa pampu ya maji kuliko F30 inayong'aa yenye cheni ya kiwandani. Lichunguze likiwa limepoa, asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha, usikilize cheni sekunde za mwanzo, kisha liache silensa dakika kumi na utazame kama ekzosi inatoa moshi wa bluu unapokanyaga mafuta.

Siku ya kuuza nayo ihesabiwe leo. Crown nzima ina wanunuzi wengi, hata wasioijua injini yake. Anayepiga simu kuulizia 320i siku hizi ameshasoma, na swali lake la kwanza huwa kama cheni imebadilishwa. Muuzaji mwenye risiti ya kazi hiyo anasimamia bei yake. Asiye nayo atakatwa gharama yote ya cheni kabla mnunuzi hajaja kuliona gari.