Ufunguo wa jino moja

Waliotumia kivinjari cha Netscape miaka ya 1990 watakumbuka picha ndogo ya ufunguo pale chini kushoto. Ukiuona umevunjika, ujue ukurasa hauna ulinzi. Ukiwa mzima, hesabu meno. Meno mawili maana yake usimbaji fiche, yaani kuufunga ujumbe usisomeke bila ufunguo, wa biti 128 (biti zikizidi, ufunguo ni mgumu zaidi kukisia), uliotengewa watu wa Marekani na Kanada. Jino moja ni biti 40, na hilo ndilo tuliloachiwa sisi wengine wote, kwa kuwa sheria ya Marekani iliuhesabu usimbaji imara kuwa silaha, ikauzuia kupelekwa nje ya nchi.

Jino hilo lilikuwa bovu tangu mwanzo. Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez alizitumia kompyuta za kazini zipatazo 120, akajaribu funguo moja baada ya nyingine, na kwa siku 8 akawa ameupata ufunguo wa biti 40.

Sheria ililegezwa mwaka 2000. Ungedhani yamekwisha. Kumbe mwaka 2015 watafiti wakakuta seva chungu nzima bado zinakubali funguo dhaifu za enzi zile, mdukuzi akijua namna ya kuziomba. Tovuti ya NSA, wakubwa wenyewe wa ujasusi wa Marekani, nayo ilikuwamo.

Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa akitaka programu za ujumbe ziwekewe mlango wa uani, apite polisi mwenye kibali tu, nakataa. Uchungu wa mpelelezi anayemsaka mtekaji wa mtoto nauelewa, wala sitaki kuudogosha. Lakini mlango huo ulishawahi kujengwa. Kampuni za simu za Marekani zina mitambo ya kutekeleza amri za mahakama za kunasa mawasiliano, na mwaka 2024 ilibainika kwamba wadukuzi wa Salt Typhoon, wanaohusishwa na China, waliifikia. Desemba ya mwaka huo huo maofisa wa serikali ya Marekani yenyewe wakawashauri wananchi watumie ujumbe uliosimbwa. Sasa hapo tubishane nini tena?

Juzi mama alinitumia kwa simu picha ya majibu yake ya hospitali. Karatasi imekunjamana, kidole gumba chake kimeziba pembe moja, lakini jina, umri na ugonjwa vinasomeka vyote. Karatasi ile naitaka ifungwe kwa meno mawili, sawasawa na ya mama wa seneta yeyote kule Washington.